Bibi Hakukosa Wajukuu, Alikosa Wenzake

Waandishi wenzangu, tuambizane ukweli. Kuna hadithi moja ambayo sote tumeshaiandika. Mimi nimeiandika, wewe umeiandika, na kama bado basi iko njiani inakuja. Kuna mzee amekaa dirishani katika nyumba ya wazee. Mikono inatetemeka. Anamsubiri mwanawe ambaye yuko Ulaya, au yuko Masaki na gari lake na mke asiyependa wakwe. Jua linazama. Mwana haji. Mzee anakata roho akiwa ameshika picha ya zamani. Mwisho tunabandika fundisho: tusiige Uzungu, Mwafrika hamtupi mzazi wake. Halafu tunaweka jina letu chini na kungoja pongezi.

Mimi hadithi hiyo niliiandika nikiwa kidato cha tatu. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, wasichana wawili wakafuta machozi, nami nikajiona nimeshakuwa mwandishi. Leo naandika kuikana. Siikani kwa sababu ya lugha yake, ingawa lugha yake nayo ilikuwa balaa. Naikana kwa sababu ni ya uongo, na uongo huo ulimdhuru mtu ninayemjua.

Hoja yangu naitoa mapema ili anayetaka kukasirika aanze mapema. Mzee hahitaji kutunzwa tu. Anahitaji watu wa rika lake, wakae naye mlango kwa mlango, wamtanie, wamgombeze, wamwite kwa jina lake. Sisi watoto na wajukuu hatuwezi kumpa hicho hata tukimpenda namna gani. Kwa hiyo mahali ambapo wazee wanaishi pamoja kwa hiari yao si laana wala si jalala. Panaweza kuwa ndipo mahali pekee mjini ambapo mzee bado ni mtu.

Sasa nisikilizeni.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mwenyeji wa Rungwe, kijiji kimoja huko juu ya Tukuyu ambako mvua haijui likizo. Babu alipofariki, baba alimleta Dar es Salaam akae nasi. Tulimleta kwa upendo. Nalisisitiza hili kwa sababu ninyi washikaji mkisoma maneno haya mtaanza kutafuta mtu mbaya wa hadithi. Hayupo. Alipewa chumba chake peke yake, mimi nikahamia sebuleni. Alipewa kiti kizuri. Nyama yake ilikatwa vipande vidogo. Akiingia sebuleni tunasimama. Akiongea tunanyamaza.

Tulikaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Saa kumi na moja alfajiri baba na mama wameshatoka kuwahi foleni, mimi na mdogo wangu saa moja tumeondoka, na hakuna aliyerudi kabla ya saa moja usiku. Bibi alibaki na msichana wa kazi, televisheni na dirisha lenye nondo. Majirani milango yao imefungwa na mageti ya chuma. Magoti yake hayakumruhusu ngazi. Siku moja aliniuliza, "Hivi watu wa humu mbona hawagombani?" Nikamwambia hapa watu ni wastaarabu, bibi. Akasema, "Siyo ustaarabu. Hawajuani."

Kama mabibi wengi alikuwa akiniita mume wangu, nami namwita mke wangu, tunacheka. Najua kuna atakayesema, si huo utani alikuwa nao? Jamani, utani wa bibi na mjukuu ni mtamu lakini ni wa kuigiza. Mimi sikumjua alipokuwa msichana. Sikujua nani alimchekesha kanisani hadi akatolewa nje. Sikujua alimchukia nani na kwa nini. Nikimtania ni kama mtu anayepiga ngoma ambayo hajawahi kuisikia.

Kisha ikaja siku ya jina. Nilikuwa nampigia pasi kitenge chake, akaniuliza, "Wewe, jina langu unalijua?"

"Bibi," nikasema nikicheka.

"Hicho cheo. Nimekuuliza jina."

Nikataja lile nililoliona kwenye kadi ya hospitali. Akatikisa kichwa. "Hilo la misheni. La kwetu unalijua?"

Sikulijua. Baba yangu alilijua lakini asingeweza kulitamka mbele yake, adabu haimruhusu. Mama ndiyo kabisa. Bibi akasema aliyekuwa akimwita kwa jina hilo alikuwa rafiki yake wa utotoni, nyumba ya pili pale kijijini, na walikwisha kumzika mwaka mmoja kabla ya yeye kuja mjini. "Tangu hapo sijaitwa," akasema. "Mmeniweka kama vikombe vya kabatini. Vinafutwa vumbi, vinafunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna anayevinywea chai."

Mwaka wa pili alisikia kwa mama mmoja wa kanisani kuwa kuna nyumba ya wazee inayoendeshwa na watawa, pembeni ya jiji. Yeye alikuwa Mmoravian, watawa ni Wakatoliki, lakini hilo halikumsumbua. Aliuliza swali moja tu: wako wangapi? Alipoambiwa wako thelathini na kitu, na kwamba baadhi ni watu wa kwao, akamwambia baba anataka kwenda kukaa huko.

Kikaitishwa kikao cha ukoo. Shangazi wawili walikuja wakilia tangu mlangoni. "Watu watasemaje? Watasema tumemtupa mama!" Baba mdogo akasema hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulala nyumba ya kulelea watu. Halafu nikasimama mimi, msomi wa ukoo, mwaka wa kwanza chuoni, mwandishi. Nikasema Mwafrika hamtupi mzazi wake. Nikasema nyumba hizo ni Uzungu. Nikayamwaga yote ya hadithi yangu ya kidato cha tatu, pamoja na dirisha na jua linalozama. Baba akanitazama kwa fahari. Shangazi wakaitikia kama kibwagizo. Bibi alingoja nimalize, akasema, "Umesema vizuri, mume wangu," akajikongoja kwenda kulala.

Hakulitaja tena jambo hilo. Miezi minane baadaye alifariki, Jumanne, wakati wa mchana. Msichana wa kazi alikuwa amekwenda sokoni. Alipata mlango umefungwa kama alivyouacha, na televisheni inaongea.

Msiba wake ulijaa. Zilikodiwa Coaster mbili kwenda Tukuyu na bado watu walibaki. Siku ile moja bibi alipata wageni wengi kuliko miaka miwili yote ya ghorofani. Ndiyo heshima yetu hiyo.

Baada ya arobaini nilikwenda kuiona ile nyumba ya watawa. Sikwenda kwa toba. Nilikwenda kujihakikishia kwamba tulikuwa sahihi, nikaone mzee wangu wa dirishani. Na nisiseme uongo mwingine: sikukuta pepo. Paa lilikuwa linavuja upande mmoja. Kulikuwa na mama aliyekuwa akilia kwa sababu mwanawe alisema atakuja Pasaka na sasa ilikuwa Agosti. Wapo waliopelekwa pale bila kuulizwa, na hao ukiwatazama unawajua.

Lakini kumbe chini ya mwembe kulikuwa na bao. Mzee mmoja alimwita mwenzake mwizi mara nne ndani ya nusu saa, na mwenzake akajibu kuwa macho yake yamekufa kabla yake. Ni nani nyumbani kwetu angethubutu kumwita mzee wa miaka themanini mwizi? Hakuna. Na yule mzee alikuwa anang'aa! Alikuwa anatetea kete zake kama mtu mwenye mali. Mwingine, aliyekuwa karani zamani, alikuwa anasoma gazeti kwa sauti, na wasikilizaji wakimshutumu kwamba anaongeza maneno yake. Akina bibi wawili walikuwa wamenuniana tangu juzi kwa sababu ya redio. Walikuwa wamekaa benchi moja, lakini wamepeana migongo. Niliambiwa hata kununa huwa wananuna benchi hilohilo.

Kulikuwa na bibi mmoja mwenye macho mazuri kuliko wote. Huyo ndiye alikuwa akitunga uzi kwenye sindano za nyumba nzima. Asubuhi wanapanga foleni kwake. Ana kazi, ana cheo, na akikasirika kuna watu hawashoni. Kwetu bibi aliposhika sindano tulimnyang'anya: "Acha bibi, utajichoma, tutakushonea."

Nikiwa pale, saa nne wakati wa chai, mzee mmoja hakutokea. Dakika tano hazijapita, watatu wakanyanyuka na fimbo zao kwenda kumgongea. Alikuwa amelala tu. Wakamtukana kwa kuwatisha, wakarudi naye. Nilisogea pembeni nikasimama nyuma ya tangi la maji, mkajua wenyewe nilikuwa nafanya nini.

Jingine ni kifo. Kitanda kimoja kilikuwa kimebaki wazi tangu wiki iliyopita. Walimzungumza marehemu waziwazi. Alikuwa mchoyo, lakini kwa kuimba alikuwa hana mpinzani. Kisha wakaendelea kubishana nani anafuata, na kila mmoja alitaka azikwe kwa wimbo gani. Nyumbani mzee akisema "nitakufa" sisi tunamziba mdomo: usiseme hivyo bibi, utaishi miaka mia. Tunadhani tunamfariji. Tunamnyima mtu wa kuzungumza naye jambo kubwa kuliko yote lililo mbele yake. Wenzake hawamzibi mdomo, maana safari ni yao pia.

Haya, nayasikia maneno yanakuja. Eti yote haya ni Uzungu.

Tuanze na Uzungu wenyewe basi, tusiutaje kama jini. Nje ya Phoenix, katika jimbo la Arizona huko Marekani, mkandarasi mmoja tajiri aitwaye Del Webb alifungua mji wa wastaafu, Sun City, tarehe 1 Januari 1960. Alionyesha nyumba tano za mfano, maduka, mahali pa kukutania na uwanja wa gofu. Wikiendi ile ya kwanza walikwenda kutazama watu wapatao 100,000, na mwaka 1962 sura ya Webb ikawekwa kwenye jalada la gazeti la Time. Kanuni za mji huo zinataka kila nyumba iwe na mtu wa miaka 55 au zaidi, na watoto hawaruhusiwi kuhamia. Mtaani watu wanaendesha vigari vya gofu.

Je, hicho ndicho ninachokitaka? Hapana bwana. Ile ilikuwa biashara ya nyumba, na asiye na fedha hakuingia. Mji usiotaka sauti ya mtoto sitauimbia sifa. Lakini jiulize, wale watu walifuata nini jangwani? Gofu? Gofu ipo kila mahali kule. Walifuata kuwa na jirani ambaye saa nne asubuhi yupo, hana haraka, na anakumbuka nyimbo zilezile. Kiu hiyo si ya Mzungu wala ya Mwafrika. Ni ya mtu aliyezeeka.

Na sasa niwageuzie kibao. Bibi yangu alikuwa Mnyakyusa. Ninyi mnaosema kuishi kwa marika kumeletwa na meli, mnajua Wanyakyusa walikuwa wanaishije? Mvulana akifika miaka kumi au kumi na moja aliacha kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda vyao pembeni, wakaanzisha kijiji chao. Mwanzoni walikwenda kula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa mama huyu kesho kwa mama yule. Wakikua, wakioa, wake zao waliwaleta hapohapo. Waliishi pamoja na kuzeeka pamoja. Kijiji cha marika! Miaka ya 1930 Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa huko Rungwe wakichunguza maisha hayo, na mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu juu ya vijiji hivyo, Good Company. Hicho anachokiita kwa Kiingereza, Wanyakyusa walikuwa na neno lao: ukwangala. Ni kukaa na wenzio kwa furaha, mle, mzungumze, msaidiane. Halikuwa jambo la anasa. Mtu aliyejitenga na wenzake, anayekula peke yake, alitiliwa shaka.

Sisi tukamchukua binti wa watu hao, tukamfungia ghorofani ale peke yake, kisha tukasema tunalinda mila.

Na wala si Rungwe tu. Tazama pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, baraza za nje ya nyumba. Wazee wanakaa na wazee wenzao, kahawa inazunguka, na kijana akipita anasalimia na kusonga mbele. Hakai. Kwa nini hakai? Kwa sababu watu walielewa kwamba mzee anahitaji mahali ambapo hatazamwi na watoto wake. Tazama Wamasai na marika yao. Neno rika lenyewe ni letu. Hatukulikopa Arizona.

Kinachotokea ni kwamba tumevunja vile vijiji na baraza, tukajenga maghorofa yenye mageti, halafu tukabakiza sehemu moja tu ya mila: aibu. Aibu ya watu watasemaje.

La pili mtakalosema: familia ndiyo hifadhi. Nami nasema, kwa wengi ni kweli, na ashukuriwe Mungu. Lakini msiiimbe kama wimbo wa taifa. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya uchawi huo kuna shamba, na nyuma ya shamba kuna jamaa wa damu. Wengine walinusurika wakakimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, wakawa wanaishi pamoja wazee kwa wazee kwa sababu nyumbani kwao hapakaliki. Upande wetu, huko Shinyanga na Mwanza, akina mama wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizowapikia haohao. Kwa hiyo ukiniambia mzee akae kwa ndugu zake, swali langu ni moja: mzee mwenyewe anasemaje?

Hilo ndilo swali ambalo kikao chetu hakikuuliza. Alikwisha kulijibu, sisi tukapiga kura.

Nakubali, hali ya makazi mengi ya wazee tuliyonayo inatia simanzi. Na sababu yake inajulikana. Hayakujengwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuishi na wenzake. Yalijengwa kwa ajili ya asiye na mtu. Baadhi yalianza kama vituo vya wagonjwa wa ukoma, mbali na watu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema kumtunza mzee katika makazi kuwe njia ya mwisho kabisa. Nia ni nzuri, lakini hebu fikiri: jambo ukishaliita njia ya mwisho utaliwekea bajeti gani? Ya mwisho. Atakayekwenda huko atatazamwaje? Kama mtu aliyefika mwisho. Halafu tunashangaa kwa nini panafanana na mwisho.

Ninachokitaka mimi si majumba makubwa yenye ukuta porini. Nataka vyumba katikati ya mtaa. Shirika la Nyumba lipo tangu 1962, na kila siku tunaona maghorofa yanapanda. Ghorofa ya chini, isiyo na ngazi, kwa nini isitengwe vyumba kumi vya wazee vinavyotazamana uani, jiko moja, mwembe mmoja, benchi? Watoto wa mtaa wapite wakienda shule. Mjukuu aje jioni na mkate. Mzee aingie kwa kutaka na atoke akichoka. Makanisa na misikiti yana viwanja. Vyama vya kuzikana tunavyo kila kona, tunachangishana kwa ajili ya maiti. Hatuwezi kuchangishana kwa ajili ya benchi?

Fedha nayo iwe mkononi mwa mzee mwenyewe. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa pensheni kila mzee aliyefika miaka 70, awe alifanya kazi serikalini au alilima muhogo, shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nayo mwaka 2018 ikaanza kuwapa shilingi 2,000 za kwao wazee wa umri huohuo. Ni fedha kidogo, haina ubishi. Ila mzee mwenye chochote mfukoni anaweza kununua kahawa ya wawili. Hapo tayari ana mgeni. Huku Bara hoja hii imepigwa danadana miaka nenda rudi, na kwenye sensa ya 2012 wazee wa miaka 60 na zaidi walikuwa wameshapita milioni 2.5. Hao si watu wa kusubirishwa. Muda wao ni mfupi kuliko wetu.

Sasa nirudi kwetu, watu wa kalamu, maana hapa ndipo nina ugomvi.

Tunawatumia wazee vibaya. Katika mashairi yetu mzee ni hazina ya hekima. Katika hadithi zetu ni mtu wa kulia. Hakuna mzee mchoyo, hakuna mzee mchekeshaji, hakuna bibi mwenye mpinzani wake wa miaka hamsini. Tarehe 1 Oktoba ikifika, Siku ya Wazee Duniani ambayo Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 1990, tunakwenda kwenye makazi na sabuni na sukari, tunapiga picha, tunarudi tumelowa huruma na kuandika lile shairi. Tumekaa nao saa mbili, hatujajua jina la hata mmoja.

Na maneno yetu yana madhara, msidhani ni mchezo. Shangazi zangu hawakuzaliwa na aibu ile. Waliisikia redioni katika michezo ya kuigiza, wakaisoma magazetini, wakaiona kwenye filamu, na mwisho wakaisikia kwa mtoto wa kaka yao aliyesoma. Mimi ndiye niliyeitia aibu hiyo maneno mazuri. Bila hotuba yangu huenda baba angelainika. Nalijua hilo, na baba analijua, na hatujawahi kulizungumza.

Kwa hiyo nawaomba. Jumamosi moja nendeni mahali wazee wanapokaa pamoja, bila sabuni na bila kamera. Kaeni kwenye bao mfungwe, mtukanwe. Msiulize "una ushauri gani kwa vijana", swali hilo limewachosha. Ulizeni nani kati yao ni mwongo kuliko wote, kisha nyamazeni msikilize ugomvi utakaofuata. Hapo mtapata hadithi. Na mkirudi nyumbani, kama mnaye bibi au babu kwenye chumba cha ndani, muulizeni: rafiki yako nani? Siyo nani anakutunza. Rafiki yako nani, na yuko wapi, na nauli ya kwenda kwake ni shilingi ngapi?

Mimi jina la bibi yangu nimelijua sasa. Nililiambiwa Tukuyu, siku ya tatu ya msiba, na mama mmoja mzee sana aliyekuja kwa miguu akiegemea fimbo. Alisimama kaburini akalitamka mara mbili kama anayempigia mtu hodi. Silitaji hapa. Si langu la kulitamka.

Naomba kutoa hoja. Anayebisha na aandike, toleo lijalo nafasi ipo. Ila kabla hujashika kalamu, kamuulize kwanza mzee wa nyumbani kwenu.